"Imejaribiwa": Neno la Kuulizwa Kabla ya Kuaminiwa

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya upili, nilikuwa na mwenzangu wa hisabati ambaye sijapata kuona mfano wake ubaoni. Hesabu zilizowatoa wanafunzi jasho aliwafungulia kama mtu anayemenya ndizi. Lakini jua lilipotua, chang'aa ilimtawala. Mshahara wake uliishia vibandani, na watoto wake wakawa wa kurudishwa nyumbani kila muhula kwa kukosa karo.

Mkewe alihangaika kama mama yeyote angalihangaika. Siku moja ya soko alimkuta mchuuzi aliyetandaza mizizi na vichupa juu ya gunia, akauziwa unga wa rangi ya kahawia uliofungwa katika karatasi ya gazeti. Aliagizwa autie katika chai ya mumewe pasipo mwenyewe kujua. Alifanya hivyo. Mwenzangu alitapika siku tatu mfululizo, akalazwa hospitalini akiwa hoi. Nilipokwenda kumjulia hali, mama yule alinivuta kando akaniambia huku akilia, "Shemeji, yule mtu aliniapia kuwa imejaribiwa."

Mwenzangu alipona, lakini kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi kwenye chang'aa. Jambo moja tu ndilo lililobadilika. Tangu siku ile hakula tena chakula kilichopikwa na mkewe. Unga ule haukuondoa pombe katika nyumba ile; uliondoa imani.

Nimelikumbuka neno lile, "imejaribiwa", mara nyingi. Imejaribiwa na nani? Kwa nani? Ikalinganishwa na nini? Nalo likawadhuru vipi wale waliojaribiwa? Haya ni maswali ambayo mwanafunzi yeyote wa sayansi anapaswa kuyauliza, na ambayo sisi walimu twapaswa kumfundisha kuyauliza hata nje ya maabara, sokoni na nyumbani.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninaibeza mitishamba. La hasha! Kwinini iliyowaokoa wengi na malaria ilitoka katika gome la mti. Hata katika vita dhidi ya ulevi, mimea si kitu cha kuchekwa. Wanasayansi wamekuwa wakiichunguza kwa miaka mingi, wakianza na wanyama, na wamepata mambo ya kutia moyo na mengine ya kutia hofu. Ninachodai ni kimoja: mmea unaodaiwa kuwa dawa ya ulevi lazima uvuke mto wote, kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu, kabla ya kuuzwa kwa mama anayelia. Aliyefika katikati ya mto bado hajavuka.

Tuanze na namna mnyama anavyoweza kutufundisha habari za pombe. Wengi hudhani kwamba ulevi ni ila ya binadamu peke yake. Sivyo. Katika kisiwa cha St Kitts, huko Karibi, wanaishi tumbili ambao babu zao walipelekwa kutoka Afrika ya Magharibi karne kadhaa zilizopita. Watafiti waliowapa kileo waligundua kwamba wengi wao hunywa kiasi, baadhi hawakitaki kabisa, na wachache hunywa hadi kuanguka. Msomaji ataona kuwa hesabu hiyo haiko mbali na ya kijiji chochote.

Panya nao hawakusahaulika. Nchini Finland, katika miaka ya 1960, mtafiti Kalervo Eriksson alichagua panya waliopenda kileo akawazalisha wao kwa wao, na wale waliokikataa akawazalisha kando. Baada ya vizazi kadhaa akawa na koo mbili, moja ya wanywaji na nyingine ya wasiotaka hata kuonja. Jambo la kuchekesha ni kwamba kazi hiyo ilifanyika katika maabara ya shirika la serikali lililouza pombe! Hata hivyo, ilitupa somo zito, kwamba mwelekeo wa kupenda pombe waweza kurithiwa. Anayemwambia mlevi kwamba tatizo lake ni ukosefu wa haya tu, hajui asemalo.

Sasa tazama jaribio lenyewe lilivyo rahisi. Mnyama huwekewa chupa mbili katika kizimba chake, moja ya maji na moja ya maji yaliyochanganywa na kileo. Anywe apendacho. Kila siku chupa hupimwa, tena hubadilishwa nafasi ili mnyama asiwe anafuata mazoea ya upande mmoja. Ikishajulikana anakunywa kiasi gani, kundi moja hupewa dutu iliyotolewa katika mmea. Kundi la pili, lililo sawa na la kwanza kwa kila hali, hupewa kitu kisicho na dawa, lakini kwa njia ile ile. Tofauti ikionekana baina ya makundi hayo mawili, hapo ndipo pana la kusemwa.

Lakini kuna mtego. Mnyama mgonjwa hanywi pombe, na wala hali chakula. Ukimpa sumu kidogo ataiacha chupa ya kileo, nawe ukashangilia kwamba umepata dawa! Kwa hiyo mtafiti makini hupima pia maji aliyokunywa mnyama, chakula alichokula na uzito wa mwili wake. Kama vyote vimeshuka pamoja, hakuna dawa hapo. Kuna mnyama anayeumwa. Laiti mtu angalimweleza mke wa mwenzangu jambo hili moja! Yule mumewe hakuacha kunywa siku zile tatu kwa kuwa alitibiwa. Aliacha kwa kuwa alikuwa taabani.

Mfano ulio bora wa kazi hii ni wa mmea uitwao kudzu, mtambazi wa jamii ya maharagwe unaomea Uchina na Japani. Wachina wameutumia mzizi wake kwa walevi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka wa 1993, Wing Ming Keung na Bert Vallee wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao juu ya hamsta, mnyama mdogo afananaye na panya mwenye mkia mfupi, ambaye kwa tabia yake hupenda kileo kuliko maji. Walipompa dutu mbili zilizotolewa katika mzizi huo, daidzini na daidzeini, kwa kiasi cha miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, unywaji wake wa kileo ulipungua kwa zaidi ya nusu. Chakula, maji na uzito havikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Hapo ule mtego niliousema uliepukwa.

Je, daidzini hufanyaje kazi? Tukinywa pombe, ini huigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, kitu chenye sumu, kisha kimeng'enya kingine hukigeuza hicho kuwa kitu kisicho na madhara. Dawa ya disulfiramu, ambayo madaktari wa Denmark waliitangaza mwaka wa 1948, hukizuia kimeng'enya hicho cha pili, hivyo anayekunywa pombe huiva uso, moyo ukaenda mbio, akatapika. Ni dawa ya kutisha, si ya kuondoa hamu. Keung na Vallee walikuta kwamba daidzini nayo hugusa kimeng'enya cha aina hiyo. Walakini katika jaribio lao la mwaka wa 1995, hamsta walipunguza kunywa ilhali asetaldehaidi haikurundikana mwilini mwao. Maana yake ni kwamba mnyama hakuwa akiadhibiwa. Kulikuwa na njia nyingine, na hilo ndilo lililowafurahisha watafiti.

Je, mto ulivukwa? Hapa ndipo uaminifu wa sayansi unapoonekana. Mwaka wa 2000 matokeo ya jaribio dogo kwa wagonjwa wa ulevi huko Marekani yalitolewa. Baadhi walipewa mzizi wa kudzu, wengine dawa bandia, na haikuonekana tofauti. Mwaka wa 2005, Scott Lukas na wenzake walijaribu dondoo lililotengenezwa kwa kipimo maalumu, kwa watu 14 wanaokunywa sana. Hao walikunywa bia chache zaidi, wakapiga mafunda madogo madogo na kukawia kuimaliza kila bia. Mwaka wa 2013 watafiti hao walitoa matokeo ya wanaume 17 waliotumia dondoo hilo kwa majuma manne. Unywaji wao ulipungua kwa baina ya asilimia 34 na 57, lakini uchu wao wa pombe ulibaki pale pale.

Tafadhali, wanafunzi, yasomeni tena maneno hayo ya mwisho. Kunywa kulipungua, uchu haukupungua. Tena wanaume hao hawakuwa wamekuja kutafuta matibabu. Walikuwa wanywaji waliokubali kupimwa. Kupunguza chupa za mtu asiyetaka kuacha si sawa na kumtoa mtu katika utumwa. Hata panya anayekunywa kwa hiari katika kizimba chake si lazima awe mraibu. Uraibu una alama zake: mwili kutetemeka pombe ikikosekana, kuitafuta kwa kila hila, na kuirudia kwa pupa baada ya kuiacha kwa muda. Watafiti wanazo njia za kuyapima hayo kwa wanyama, na jaribio lisiloyapima halina haki ya kujiita tiba ya uraibu.

Mfano wa pili unatoka hapa hapa Afrika. Katika misitu ya Gabon kuna kichaka kiitwacho iboga, ambacho maganda ya mzizi wake hutumiwa katika ibada ya Bwiti. Ndani yake mna ibogaini. Mwaka wa 1995 Amir Rezvani na wenzake walionyesha kwamba ibogaini ilipunguza unywaji wa kileo kwa panya wa koo tatu zilizozalishwa kwa kupenda kileo. Mwaka wa 2005 watafiti wengine walieleza kwamba huenda inafanya hivyo kwa kuamsha protini fulani inayolinda neva, katika sehemu ya ubongo inayohusika na raha na tamaa. Habari njema, sivyo?

Subiri. Mwaka wa 1993, wanasayansi wawili, O'Hearn na Molliver, walikuwa tayari wameonyesha kwamba ibogaini kwa kiasi kikubwa iliua seli za sehemu ya nyuma ya ubongo wa panya, ile inayotuwezesha kusimama wima na kutembea bila kuyumba. Aidha, miongoni mwa binadamu walioitumia wamo waliofariki kwa sababu mapigo ya moyo yaliparaganyika. Mmea ule ule uliopunguza ulevi waweza kusimamisha moyo. Ni wanyama waliotuonya mapema kuhusu ubongo, na ni binadamu waliolipa kwa roho zao pale ambapo dawa ilitolewa bila uangalizi. Yeyote asemaye kwamba kitu kikitoka msituni hakiwezi kudhuru, na aukumbuke mzizi huo.

Je, upo mmea uliowahi kuvuka mto huu? Upo, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Dawa iitwayo naltreksoni hutengenezwa na wakemia kutokana na dutu zitokazo katika mpopi, mmea ule ule unaotoa afyuni. Mwaka wa 1980 ilionekana kupunguza unywaji wa kileo kwa nyani wa maabara. Mwaka wa 1992 makundi mawili ya watafiti yalitoa matokeo ya wagonjwa waliolinganishwa na wenzao waliopewa dawa bandia, na waliotumia naltreksoni walirudia ulevi kwa uchache zaidi. Mwaka wa 1994 serikali ya Marekani iliidhinisha itumike kwa walevi. Kutoka kwa nyani hadi idhini ilikuwa miaka 14. Nayo si muujiza. Humsaidia baadhi tu, na husaidia zaidi ikiandamana na ushauri na watu wa kumshika mkono. Lakini ukiuliza, "Imejaribiwa kwa nani, ikalinganishwa na nini, ikadhuru vipi?", utapata jibu lililoandikwa. Hiyo ndiyo tofauti yake na unga wa gazetini.

Sasa nirudi nyumbani. Sisi Wakenya hatuna haja ya kuambiwa kwamba pombe yaweza kuua. Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka wa 2010 tulitunga sheria ya kudhibiti vileo iliyohalalisha chang'aa kwa masharti, tukitumaini kuitoa gizani. Mwaka wa 2014 watu walikufa tena kwa makumi katika kaunti kadhaa, na mwaka wa 2024 vilio vikasikika Kirinyaga. Kila mara tumevunja mapipa na kumwaga pombe mitaroni mbele ya kamera. Aliyekuwa akiinywa tumemwacha na uchu wake.

Na mimea tunayo. Babu zetu waliujua mvungunya, ambao tunda lake hutumiwa kuchachusha muratina. Watu walioijua mimea ya kuchachusha pombe hawakosi kuijua iliyodhaniwa kuizima. Tunayo Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, yenye kituo cha dawa za kiasili. Tunayo Taasisi ya Utafiti wa Nyani huko Karen, na vyuo vikuu vyenye wakemia hodari. Hapana budi elimu ya wazee ikusanywe, ipimwe hapa, na ikithibitika, wenye elimu hiyo wapate fungu lao. Mkataba wa Nagoya wa mwaka wa 2010 unadai hivyo. Gabon iliutambua mzizi wa iboga kuwa hazina ya taifa mwaka wa 2000. Sisi tunangoja nini?

Yapo masharti mawili, hata hivyo. La kwanza ni kwa ajili ya wanyama. Hawakuomba kulewa, wala hawakuomba kutibiwa. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kuwafanyia majaribio bila leseni. Tangu mwaka wa 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch waliusia mambo matatu: tumia njia nyingine isiyo ya mnyama kila inapowezekana, ukilazimika kumtumia mnyama, tumia wachache, na hao wachache wapunguzie maumivu. Jaribio lililopangwa ovyo, lisilo na kundi la ulinganisho, ni ukatili mara mbili, kwa kuwa mnyama ameteseka na hakuna lililojulikana.

Sharti la pili ni kwa ajili ya mlevi. Asipewe kitu chochote kwa siri. Mwenye dawa ya siri hajui moyo wa mgonjwa uko vipi, wala ini lake, wala pombe aliyokunywa saa moja iliyopita. Disulfiramu ikitiwa katika chai ya mtu asiyejua, kisha akaenda kilabuni, yaweza kumuua. Tena mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatizwa ghafla, aweza kupatwa na kifafa na kuweweseka hadi kufa. Jamaa zake na wampeleke hospitalini, naye aambiwe ukweli. Mlevi ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kujua anachonyweshwa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Chukueni kipindi kimoja mwaweke hamsta wale ubaoni. Hamsta wa gramu 100 akipewa miligramu 150 kwa kilo, amepata miligramu ngapi? Kumi na tano. Mtu wa kilo 70 je? Elfu kumi na mia tano, yaani gramu kumi na nusu za dutu safi. Kisha waulizeni wanafunzi: je, ni halali kumpa mtu kiasi hicho? Waacheni wabishane. Wataarifuni kwamba mwili wa mnyama mdogo huzitumia dawa kwa kasi kuliko wa mtu, hivyo hesabu ya kilo peke yake hudanganya. Waulizeni pia wangepima nini zaidi ya kileo, na kwa nini. Mwanafunzi atakayetoka katika kipindi hicho hatauziwa unga kwa urahisi, na huenda mmoja wao akawa ndiye atakayeupima mzizi wa kwao siku moja.

Mwenzangu wa hisabati hayupo tena. Ini lilimshinda akiwa bado na miaka mingi ya kufundisha. Mkewe huniuliza kila tukutanapo kama ile dawa ndiyo iliyomwua, nami humwambia kwamba aliyemwua ni chang'aa, kwa kuwa ndivyo ninavyoamini. Hata hivyo siwezi kumthibitishia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuupima unga ule, na karatasi ya gazeti uliofungiwa ilikwisha kutupwa jalalani.